Tulipiga marufuku akili mnemba, tukaanza kufichana

Katazo lilikuja kwa ujumbe mfupi kutoka kwa mhariri mkuu: ni marufuku kuandika habari kwa kutumia akili mnemba, na atakayebainika atachukuliwa hatua za kinidhamu. Ilikuwa mwaka 2023. ChatGPT, roboti mazungumzo inayojibu maswali na kuandika kama mtu, ilikuwa imetoka Novemba 2022, na habari za vyombo vilivyoikimbilia teknolojia hii zilikuwa za aibu tupu. Mtandao wa habari wa Marekani, CNET, ulikuwa umechapisha makala 77 za masuala ya fedha zilizoandikwa na mashine. Ulipobanwa na kuzipitia upya, ukalazimika kusahihisha 41. Aprili mwaka huohuo jarida la Ujerumani, Die Aktuelle, lilitoa “mahojiano” na Michael Schumacher, dereva wa zamani wa Formula 1 ambaye hajaonekana hadharani tangu apate ajali ya kuteleza kwenye theluji Desemba 2013. Majibu yote yalikuwa yametungwa na mashine. Mhariri alifukuzwa kazi, na baadaye familia ikalipwa fidia ya euro 200,000.

Kwa hiyo hofu ya mhariri mkuu wetu ilikuwa na msingi. Wakati huo mimi ndiye niliyesimamia wahariri wasanifu. Kila habari ilipita mezani kwangu au kwa mmoja wa watu wangu kabla ya kutoka. Sikumsikia mtu hata mmoja akilipinga katazo lile. Waandishi wa habari hubishana hata juu ya mahali pa kuweka mkato. Wakipokea amri ya wakubwa kimyakimya, ujue kuna jambo.

Wahariri wa vyombo vingine wamekuwa wakiniomba niwatumie mwongozo wetu ili wabadilishe jina la juu na waanze kuutumia. Nawatumia, sina kinyongo. Lakini mwongozo wenyewe ni kurasa mbili, na yaliyotugharimu hayamo ndani yake. Ndiyo maana naandika.

Jambo lilijitokeza kupitia nukuu. Mwandishi wetu mmoja, mtu mzoefu na mwaminifu, alirudi na habari ya mkutano wa wananchi kuhusu fidia ya ardhi. Katikati ya habari kulikuwa na maneno ya mzee mmoja ndani ya alama za kunukuu, yamenyooka, yana uzito. Tuliyapenda mpaka tukayatoa kwenye kichwa cha habari. Kesho yake mzee akapiga simu. Hakuwa na hasira. Alisema kwa upole: “Mwanangu, mimi niliyosema ni mengine. Haya ni mazuri kuliko yangu, lakini si yangu.”

Tuliisikiliza rekodi. Mzee alikuwa amezungumza kwa kusitasita, akianza sentensi na kuiacha, akisema hawezi kujua kama fidia ilitosha kwa sababu hesabu hakuwahi kuonyeshwa. Kwenye habari yetu alikuwa anatamka kwamba fidia haikutosha na kwamba wananchi wamedhulumiwa. Mtu aliyesema hajui tulikuwa tumemfanya mtoa tuhuma, kwa jina lake, mbele ya majirani zake na mbele ya wenye ardhi. Mwandishi alikuwa ameitia rekodi kwenye programu ya kunukuu sauti, yaani ya kuigeuza sauti kuwa maandishi, kisha matini yaliyotoka akayapeleka kwa roboti mazungumzo na kuiambia iyasafishe. Ikayasafisha mpaka ikamwondoa mzee mwenyewe.

Nilimwita mwandishi faraghani nikamuuliza kwa nini hakuja kuomba ushauri. Jibu lake ndilo lililobadilisha msimamo wangu juu ya suala hili lote. “Dada, ningekuuliza vipi? Kuuliza tu kungekuwa ni kukiri kosa.”

Masahihisho tuliyatoa siku hiyohiyo. Hapo palitokea mvutano: baadhi ya wakubwa walitaka tuseme tu kwamba nukuu ilikuwa na “dosari za kiuhariri”. Tulikataa. Tuliandika kwamba maneno yale hayakusemwa na mzee, kwamba yalitokana na programu ya akili mnemba iliyosafisha maneno ya rekodi, na kwamba tulipaswa kusikiliza kabla ya kuchapa. Wasomaji wengine walitushambulia kwelikweli. Lakini mzee alipigiwa simu na kusomewa masahihisho kabla hayajatoka, akaridhika, na hiyo ndiyo kesi tuliyopaswa kushinda kabla ya nyingine zote. Ukifikwa na hili, usifiche chanzo cha kosa ndani ya masahihisho. Kosa la mashine likiitwa kosa la kawaida, chumba kizima kinajifunza kwamba kusema ukweli si lazima.

Baada ya hapo nilimwomba mhariri mkuu aniruhusu niitishe kikao ambacho neno lolote litakalosemwa halitageuzwa kuwa shauri la nidhamu. Alisita, na alikuwa na hoja: ukisamehe leo, kesho utawabana vipi? Mwisho alikubali kwa sharti kwamba msamaha ni wa yaliyopita tu. Mwandishi mmoja wa siku nyingi alisimama akasema mficha uchi hazai, na baada ya kauli hiyo watu wakalegea. Niligawa karatasi tupu. Kila mtu aandike, bila jina, anatumia programu gani na kwa kazi gani.

Karibu kila karatasi ilirudi na kitu. Kunukuu rekodi. Kutafsiri habari za mashirika ya kimataifa. Kufupisha ripoti ndefu za serikali na za wakaguzi wa hesabu. Kutafuta vichwa vya habari. Kupendekeza maswali ya mahojiano. Mmoja aliandika kwamba akikwama usiku, humwomba “yule wa kwenye simu” amwandikie aya ya kwanza, kisha yeye humalizia. Na karatasi kadhaa zilionyesha wazi kwamba aliyeandika ni mhariri, kwa sababu kazi zilizotajwa ni za wahariri.

Sikuhisi kusalitiwa. Nilihisi woga. Kwa muda wote ule nilikuwa naidhinisha kurasa bila kujua sentensi ipi imetoka kinywani mwa mtu, ipi imetoka kwenye kitabu cha kumbukumbu cha mwandishi, na ipi imebuniwa na programu ambayo haikuwahi kufika kwenye tukio. Mwandishi akiwa amechanganya mambo, mhariri mzuri huhisi. Sentensi hukwama, jina huandikwa kwa namna mbili, tarehe hazikubaliani. Hizo ndizo ishara tulizofundishwa kuzitafuta. Mashine hizi huzifuta zote. Kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata baada ya neno lililotangulia, kwa hiyo uongo wake unatoka umenyooka sawasawa na ukweli wake. Msomaji wa kwanza wa habari, yaani mhariri msanifu, ananyang’anywa kengele zake.

Waliokuja kuthibitisha hili baadaye ni Chicago Sun-Times la Marekani. Mei 2025 gazeti hilo lilitoka na nyongeza iliyoandaliwa na kampuni ya nje, ndani yake orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi, iliyotungwa kwa akili mnemba. Waandishi waliotajwa kwenye orodha walikuwa watu halisi na maarufu. Vitabu vilivyokuwepo kweli duniani vilikuwa vitano. Fikiria idadi ya macho yaliyopita kwenye ukurasa ule, na hakuna hata moja lililokwama, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukwamisha jicho.

Katika karatasi zile, iliyoninyima usingizi ilikuwa na mstari mmoja: “Rekodi zote nanukuu kwa programu ya bure.” Rekodi zote. Nilijua kwamba miongoni mwa waandishi wetu yuko anayezungumza na mtumishi aliyekuwa akitupa taarifa za ubadhirifu ofisini kwao. Tulikuwa tumemwahidi kwamba jina lake na sauti yake havitatoka nje ya watu watatu. Niliomba, tena kwa karatasi iliyobandikwa bila kumlenga mtu, kwamba aliyeandika mstari ule aje anione. Alikuja jioni, ameshika simu kwa mikono miwili. Ndiyo, rekodi ya yule mtumishi ilikuwa mojawapo.

Tulisoma masharti ya programu ile pamoja, kwa mara ya kwanza. Yaliruhusu kampuni kuhifadhi sauti na kuzitumia kuboresha huduma zake. Tulifuta akaunti, tukaandika kuomba rekodi zifutwe, tukapokea jibu la kujiendesha lenye kutushukuru kwa kuwasiliana nao. Hakukuwa na dalili kwamba kuna mtu aliyeisikiliza. Mwanasheria wetu alisema kwa kuwa hakuna ushahidi wa kuvuja, hatuna ulazima wa kumwambia mtoa taarifa, na kwamba kumwambia kunaweza kumtia hofu bure.

Nilipinga, na ningepinga tena leo. Ahadi ilikuwa yetu kwake, na yeye ndiye aliyekuwa anahatarisha mkate wa watoto wake. Ana haki ya kujua ili aamue mwenyewe ajilinde vipi. Mwandishi alikwenda kumwona ana kwa ana. Alinisimulia kwamba yule mtu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja: “Sauti yangu iko wapi sasa hivi?” Hatukuwa na jibu. Hakuzungumza nasi tena, na habari tuliyoifuatilia kwa muda mrefu ilikufia hapo. Naitaja gharama hii waziwazi kwa sababu mijadala mingi ya maadili ya akili mnemba huishia kwenye uongo na ukweli. Usiri wa chanzo unasahaulika, ilhali huo ukivunjika hakuna masahihisho ya kuuponya.

Tulichokifanya baada ya hapo kinawezekana hata kwa chombo kidogo. Kuna programu za kunukuu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Whisper ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ni mojawapo; ilitolewa Septemba 2022 kwa msimbo huria, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bure, na yeyote anayeelewa kompyuta kidogo anaweza kuiweka. Kompyuta moja imetengwa kwa kazi hiyo. Rekodi ya mtu aliyeahidiwa siri hainukuliwi kwa mashine yoyote iliyounganishwa na mtandao, hata iwe ya kulipia, na nyingine nyeti zaidi zinanukuliwa kwa mkono kama zamani. Na kabla ya mahojiano tunamwambia mtu: rekodi hii itanukuliwa kwa programu, uko radhi? Wachache hukataa. Wengi huuliza maswali mazuri kuliko tuliyokuwa tukijiuliza wenyewe.

Kuwa ndani ya kompyuta yako hakuifanyi programu iwe ya kweli, lakini. Watafiti waliochapisha matokeo yao 2024 walikuta Whisper ikiongeza maneno ambayo hayakusemwa kabisa katika takriban asilimia 1 ya vipande walivyovipima, hasa pale mzungumzaji anaponyamaza kwa muda. Asilimia 1 ni ndogo kwa anayenukuu hotuba ya saa nzima kwa ajili ya kumbukumbu. Kwa nukuu ni kubwa mno, maana waandishi tunaenda palepale kwenye kimya, pale mtu anapotafuta neno la kusema jambo gumu. Kwa hiyo sheria yetu ni kwamba chochote kinachoingia ndani ya alama za kunukuu kimesikilizwa na sikio la binadamu, na pembeni ya habari mwandishi anaandika dakika na sekunde ya rekodi ilipo. Mhariri hufungua mahali hapo akasikiliza. Mwanzoni watu walilalamika kwamba inachelewesha. Inachelewesha kweli.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo halikunipata mimi ila nililishuhudia, na ambalo sijui kama tumelilipa. Katikati ya hofu ile mmoja wa wakubwa alianza kupitisha makala za waandishi wa kujitegemea kwenye programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine. Makala ya binti mmoja ikapewa alama ya juu. Aliitwa, akaambiwa maneno mazito. Kesho yake alirudi na daftari lake, rekodi zake, na rasimu zake zote zenye tarehe. Alikuwa ameandika kila neno. Aliombwa radhi, lakini hakutuletea tena makala. Programu hizi hazifai kumhukumu mtu. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao mwanzoni mwa 2023, kwa vipimo vyao wenyewe ikawa inatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu kwa asilimia 9, wakaiondoa Julai mwaka huohuo. Ukitaka kujua kama mwandishi ameandika mwenyewe, mwombe akuonyeshe kazi ilivyokua: nani alimpigia, alikwenda wapi, alikata nini. Aliyefanya kazi ana njia aliyopita. Na kama hana, basi hata habari aliyoiandika kwa mkono wake ina tatizo.

Kamati ya kuandika mwongozo ilianza kwa kukusanya miongozo ya wengine. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaa maneno kama uwazi, uwajibikaji na ujumuishi, na ukiisoma hujui ufanye nini saa tano usiku ukurasa ukiwa unasubiriwa. Tuliitupa. Yaliyotusaidia yalikuwa mawili. Shirika la habari la Associated Press liliandika Agosti 2023 kwamba kinachotoka kwenye akili mnemba tunzi, ile inayotunga maandishi au picha yenyewe, kichukuliwe kama taarifa ghafi ambayo haijahakikiwa. Wanaosema hivyo si waoga wa mashine. Tangu 2014 wamekuwa wakitumia programu kuandika habari za mapato ya kampuni kila robo mwaka, wakapanda kutoka habari zipatazo 300 hadi zaidi ya 3,000, ila programu ile ilikuwa inajaza takwimu zilizokwisha kupangwa ndani ya violezo vilivyobuniwa na wahariri. Haikuachiwa kubuni. Tofauti hiyo ilitufungua macho: swali la kwanza ni mashine inachota wapi, na inaruhusiwa kuongeza nini.

La pili ni Mkataba wa Paris wa Akili Mnemba na Uandishi wa Habari, uliotolewa Novemba 2023 kwa juhudi za shirika la Waandishi Wasio na Mipaka na kamati iliyoongozwa na Maria Ressa, mwandishi wa habari wa Ufilipino na mshindi wa Nobel ya Amani ya 2021. Una kanuni kumi. Tuliyoishika sisi ni ile inayosema chombo cha habari kinawajibika daima kwa kile kinachokitoa. Tuliigeuza kuwa swali ambalo mhariri wa zamu anaweza kuliuliza akiwa amesimama: nani anajibu kwa sentensi hii? Sio nani aliiandika. Nani atapokea simu kesho, na atamwambia nini mpigaji. Kama hakuna mtu, sentensi inafutwa.

Na juu ya hilo tukaondoa katazo. Mahali pake tukaweka wajibu wa kusema. Kila habari inapoingia kwa mhariri, mwandishi anaandika juu yake ametumia nini na kwa kazi ipi: “nimenukuu kwa programu”, “ripoti nimeifupisha kwa mashine, kisha nimesoma sura ya tatu na ya tano mwenyewe”. Kutumia kwa kazi zinazoruhusiwa si kosa. Kutosema ndiyo kosa, na hilo lina adhabu. Wahariri nao wanaandika. Mhariri mkuu alikuwa wa kwanza kuandika kwamba kichwa cha habari cha ukurasa wa mbele alipata wazo lake kwa roboti mazungumzo, na naamini mstari ule mmoja ulifanya kazi kubwa kuliko semina zote tulizoandaa.

Tafsiri ilituchukua muda mwingi kuliko nilivyotarajia. Mashine inatafsiri kwa haraka na, kwa habari nyepesi, vizuri tu. Inapotuangusha ni pale ambapo kosa halionekani. Habari ya Kiingereza inasema tukio lilitokea “8 pm”, yaani saa mbili usiku kwa hesabu zetu, mashine inabeba tarakimu ilivyo na kuandika saa 8 usiku, na umeshampeleka shahidi kwenye eneo la tukio saa sita baada ya tukio. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Tulikuwa tumeandika habari ya mtoto aliyedhuriwa bila kutaja kama ni wa kike au wa kiume, kwa makusudi, ili asitambulike. Tafsiri ya Kiingereza ikamchagulia jinsia. Tuliwahi kabla haijatoka kwa sababu tu msanifu aliyekuwa zamu ndiye aliyekuwa ameisimamia habari ya awali. Tangu hapo habari yoyote inayomlinda mtu, iwe mtoto, mhanga wa ukatili au mtoa taarifa, inatafsiriwa na binadamu tangu mwanzo.

Kuhusu kuwaambia wasomaji, tulibishana sana na bado sikubaliani kikamilifu na wenzangu. Wapo waliotaka kila habari iliyoguswa na mashine iwekwe alama. Mimi naona alama ikiwa kila mahali inakuwa haipo popote, maana hata kikagua tahajia kingehesabiwa. Tulikubaliana hivi: kile ambacho mashine imekitoa na kinamfikia msomaji au msikilizaji moja kwa moja, kama sauti, tafsiri ya kujiendesha au muhtasari wa juu ya habari, kinatajwa palepale kwa maneno ya kueleweka, siyo kwenye ukurasa wa masharti. Na kama mtu akijua tulichofanya angejisikia ametapeliwa, basi alama ni lazima hata kama orodha yetu haikitaji.

Picha hazikuwa na mjadala. Tukio la kweli halitolewi picha ya kutengenezwa, hata ikiwa na maelezo chini yake. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International walijaribu mwaka 2023, kwa nia njema kabisa ya kuwakinga waandamanaji wa Colombia wasitambuliwe, wakatumia picha za akili mnemba kuonyesha ukatili wa polisi katika maandamano ya 2021. Walilazimika kuziondoa. Ukatili ule ulitokea. Kulikuwa na picha halisi na watu waliojeruhiwa kweli. Picha ya kubuni ilimpa anayetaka kukanusha mahali pa kushika. Kwa mwandishi wa habari sioni hasara kubwa kuliko hiyo.

Muhtasari wa kujiendesha tuliuweka kwa majaribio kisha tukauondoa. Oktoba 2025 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, pamoja na BBC walitoa utafiti uliohusisha vyombo 22 vya umma katika nchi 18 na lugha 14. Wanahabari walipima majibu ambayo programu mashuhuri za akili mnemba hutoa juu ya habari, na asilimia 45 ya majibu hayo yalikuwa na angalau tatizo moja kubwa. Hizo ni programu za nje zinazosoma kazi zetu bila kutuuliza, na hatuwezi kuzizuia zote. Lakini sikuona sababu ya kumfanyia msomaji wetu jambo lilelile chini ya nembo yetu wenyewe.

Kuna pambano moja ambalo nililipoteza kwa sehemu. Wakubwa wa biashara walipoona kwamba unukuzi na tafsiri vinachukua muda mfupi, hesabu yao ya kwanza ilikuwa ya mishahara. Niliandika kwenye mwongozo kwamba muda unaookolewa na mashine utarudi kwenye kazi ya kutafuta habari: kwenda mahakamani, kukaa na watu, kusoma mikataba. Kifungu kilipita. Hata hivyo msanifu mmoja alipostaafu, nafasi yake haikujazwa, na hivi sasa wasanifu waliobaki ndio wanaosikiliza nukuu zote zile. Ukiandika mwongozo wako, usiridhike na maneno “muda utarudi”. Taja nafasi za kazi na idadi yake, tena kabla programu hazijanunuliwa, kwa kuwa baada ya hapo huna cha kubadilishana nao.

Tulilolimaliza karibuni ni suala la sauti. Kitengo cha redio kilipendekeza kutengeneza sauti bandia ya mtangazaji wetu mmoja maarufu ili isome taarifa fupi za alfajiri. Yeye mwenyewe alikuwa radhi. Alichoka kuamka usiku. Nilimwomba asisaini kwanza, nikamsimulia yaliyotokea OFF Radio Kraków nchini Poland, Oktoba 2024, ambako watangazaji wa kubuni waliwekwa mahali pa watu na kituo kikarusha “mahojiano” na mshairi Wisława Szymborska, aliyefariki 2012. Jaribio lilisitishwa baada ya takriban wiki moja kwa malalamiko ya wasikilizaji. Swali alilonirudishia lilikuwa rahisi: mimi nikifa, au nikihamia kituo kingine, sauti hii ni ya nani? Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mkataba wake mpya unasema sauti ni yake, inatumika kwa taarifa ambazo amezisoma na kuziidhinisha yeye, analipwa kwa kila matumizi, na inafutwa siku anapoondoka, kwa sababu yoyote ile. Watangazaji wengine watatu wameomba kifungu hicho kiingizwe kwenye mikataba yao pia, na mwanasheria anaandaa nakala.